Kumwigizia baba wachekeshaji wa televisheni ya miaka ya 70

Swali

"Shikamoo mwalimu. Baba yetu anatimiza miaka 75 mwishoni mwa Julai na tunamfanyia sherehe ukumbini hapa Mafinga, wageni kama 120. Alisoma Marekani kuanzia 1972 hadi 1977, na mpaka leo akianza kusimulia televisheni ya huko anacheka mwenyewe hadi machozi: Flip Wilson na gauni lake, mzee Redd Foxx aliyekuwa akishika kifua na kumwita marehemu mkewe, na yule Rip Taylor wa masharubu aliyekuwa akirusha makaratasi. Watoto na wajukuu saba tunataka kumwigizia kwa dakika 20. Shida ni kwamba mama na wageni karibu wote hawakuwahi kuwaona watu hao. Tufanyeje baba afurahi na wageni wasibaki wanashangaa?"

Jibu

Marahaba mwanangu, na kamwene nyote hapo Mafinga.

Kabla hujaenda kutafuta wigi, shika jambo moja. Watu hao watatu wanakumbukwa kwa mbwembwe zao, lakini mbwembwe hizo hazikuwa pambo. Kila mmoja alikuwa na wakati wake wa kufanya kituko chake, na kitu kilichomsukuma akifanye. Ukimvalisha kaka yako gauni bila kujua wakati huo, wageni watacheka anapoingia, kisha watatulia wakimtazama. Ukiujua, hata shangazi yako asiyewahi kumsikia Flip Wilson atacheka mpaka mwisho, maana atakuwa anamcheka mtu aliyebanwa, na watu waliobanwa anawajua.

Wageni wenu nao wana kumbukumbu zao. Miaka hiyo Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, ila huku kwetu watu walisubiri hadi 1994 ndipo ITV ikaanza kurusha matangazo. Kizazi cha baba yako kilichobaki nyumbani kilichekeshwa na redio, akina Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa hiyo masikio yao yamezoea maneno ya kupokezana. Tumieni hilo kama kipimo. Mkishaandika igizo, mmoja wenu ageukie ukutani wengine wakisoma. Akicheka bila kuona nguo wala mikono, andiko limesimama. Asipocheka, wigi halitaliokoa.

Msitafsiri vichekesho vyenyewe. Utani wa Marekani wa 1973 ulitaja wanasiasa, matangazo ya sabuni na mitaa ambayo hata Wamarekani wa leo hawaikumbuki. Chukueni mtambo wa kichekesho, maneno muwape ya kwenu.

Sasa jukwaa, kwa kuwa hapa ndipo maigizo mengi ya sherehe zetu yanapofia. Mzee anawekwa meza kuu, ameelekea wageni. Waigizaji wanasimama katikati, nao wameelekea wageni. Mwenye sherehe anatazama migongo dakika zote 20, halafu watu wanashangaa mbona hakucheka. Flip Wilson mwenyewe anakupa dawa: kipindi chake kilirekodiwa kwenye jukwaa la duara, watazamaji wamemzunguka. Fanyeni hivyo hivyo. Wakati wa igizo mzee na mama washuke meza kuu na kuletewa viti mbele kabisa, mita 2 au 3 kutoka kwa waigizaji. Viti vya wageni vipangwe kama kwato la farasi, safu tatu au nne, na katikati ibaki nafasi wazi ya mita 4 hivi. Waigizaji waingie kupitia upande ulio wazi wakimwelekea mzee. Asiwepo anayempa mgongo kwa zaidi ya sentensi moja.

Spika zikae mbele ya mstari wa waigizaji, zimeelekea wageni. Mtu mwenye maiki akipita mbele ya spika itapiga mluzi, na mluzi ukishapigwa katikati ya kichekesho, kichekesho hicho kimekwenda. Mwambieni dijei mapema kwamba muziki ushuke kabisa mtu anapoongea. Si upungue. Ushuke.

Flip Wilson

Kipindi chake kilirushwa na kituo cha televisheni cha NBC kuanzia Septemba 1970 hadi 1974, Alhamisi usiku, na katika misimu miwili ya kwanza kilikuwa cha pili kwa kutazamwa Marekani nzima. Mtu mweusi kuwa na kipindi cha aina hiyo chenye jina lake na watazamaji wengi kiasi hicho halikuwa jambo dogo; Januari 1972 jarida la Time lilimweka kwenye jalada. Baba yako aliikuta misimu ya mwisho, kijana mgeni ugenini, na kila wiki anamwona mtu wa rangi yake ndiye mwenye nyumba na wengine wote ni wageni wake. Kumbukeni hilo mnapoandika. Kicheko chake kina uzito huo ndani.

Gauni lilikuwa la Geraldine, mwanamke aliyeigizwa na Flip mwenyewe: gauni fupi la rangi kali, nywele zimetengenezwa, mkono kiunoni. Ana mpenzi anayeitwa Killer, ambaye hatumwoni hata siku moja, na haruhusu mwanaume mwingine amguse. Hapo ndipo mtambo wake ulipo. Geraldine anajiamini kuliko hali yake inavyoruhusu. Hana cheo wala fedha, lakini kila anayetaka kumdharau anaondoka amenywea. Kwa hiyo atakayemwigiza asiwadhihaki wanawake: asijaze kifua matambara, asibane sauti kama paka. Akifanya hivyo, kina mama ukumbini watanyamaza, na baba yako hatamtambua. Amwigize mwanamke anayejiheshimu kupita kiasi.

Igizo lenyewe liwekeni kwenye basi la Mbeya. Kondakta anataka kumhamisha Geraldine kutoka kiti cha dirishani ampishe bosi fulani. Kondakta anaanza kwa ukali. Kila jibu la Geraldine linamshusha ngazi moja, mpaka anaishia kumbebea mkoba. Majibu manne au matano yanatosha, na asipandishe sauti. Kondakta ndiye apandishe. Kadiri yeye anavyopaza, Geraldine anazidi kuongea taratibu.

Kauli yake maarufu ilikuwa kwamba shetani ndiye aliyemtuma, na ilitokana na kisa cha mke wa mchungaji aliyenunua gauni. Hii haina haja ya kutafsiriwa, maana sisi wenyewe tunasema kila siku "shetani alinipitia". Ijengeni kwa hatua tatu. Mke wa mchungaji amerudi kutoka mitumba ya Mlandege na gauni jipya. Mara ya kwanza shetani alimwambia, "Angalia tu, kuangalia bure." Mara ya pili, "Jaribu tu, kuvaa si kununua." Mara ya tatu shetani alichukua simu mwenyewe akalipa, "na namba ya siri alikuwa anaijua." Hatua ya pili ifanane na ya kwanza kwa urefu ili sikio lizoee, ya tatu ndiyo ivunje mwendo. Mkiongeza ya nne, mmeharibu.

Kuhusu mavazi: gauni lishuke chini ya goti, kwa kuwa wakwe na watu wa kanisa watakuwepo, na rangi zifanye kazi ambayo ufupi ungefanya. Maua makubwa ya njano, waridi na kijani yanaonekana hadi safu ya mwisho. Maua madogo kutoka mita 10 yanakuwa kama doa la kijivu. Kisigino kisizidi sentimita 5, na kaka yako atembee navyo nyumbani siku tatu kabla, nusu saa kila siku. Kinachomwangusha mwanaume kwenye viatu hivyo ni kutanguliza kisigino kwa hatua ndefu, basi afupishe hatua na kukanyaga kwa mguu wote. Chini ya soli abandike kipande cha mpira wa tairi la baiskeli, sakafu ya marumaru inateleza. Na Julai ya Mafinga mnaijua: avae fulana nyembamba ya mikono mirefu yenye rangi ya ngozi yake ndani ya gauni. Mtu anayetetemeka hawezi kuonekana anajiamini.

Redd Foxx

Sanford and Son ilianza Januari 1972 na kuisha Machi 1977, kwa hiyo baba yako aliiona karibu yote. Fred Sanford ni mjane, muuza vikorokoro na vyuma chakavu eneo la Watts, Los Angeles, anaishi na mwanawe Lamont. Foxx alikuwa na miaka 49 tu alipoanza kumwigiza mzee wa 65, na hata jina Sanford lilikuwa lake la kuzaliwa.

Kile kituko cha kushika kifua kina kanuni: Fred haugui, anashindwa hoja. Mwanawe akimkamata kwa uongo, au akitaka kuhama nyumba, ndipo moyo "unapomshika". Fanyeni hivi. Lamont anasema neno la mwisho la kumfunga baba. Kimya, urefu wa pumzi moja nzima. Kiganja kinatua kifuani. Hatua mbili za kurudi nyuma, mkono mwingine umenyooshwa pembeni. Macho juu darini. Ndipo anaita mkewe kwamba anakuja. Sasa sikilizeni hapa: kicheko hakitoki kwa Fred, kinatoka kwa Lamont, ambaye ameshaona mchezo huo mara mia na anaendelea kumenya kiazi bila kunyanyua uso. Lamont akionyesha hofu, ukumbi nao utaogopa na mambo yameishia hapo. Rudieni mara tatu ndani ya dakika tano. Mara ya tatu msimalizie: mkono unapanda nusu tu, na Lamont anasema, "Baba, chai inapoa."

Atakayeigiza uzee asijikunje mgongo na kutetemesha mkono, hiyo ni picha ya kitoto. Afupishe hatua iwe nusu ya unyayo, magoti yaangalie nje kidogo, nyayo zisinyanyuke, na kuketi kumchukue hesabu nne: anashika kiti, anageuka, anashuka nusu, anajiachia. Shati la flana lililopauka, kubwa kwa saizi mbili, suspenda, kofia iliyochoka. Ndevu zipakwe mafuta ya mgando kidogo sana halafu poda nyeupe ya watoto kwa brashi. Unga wa ngano au wa mchele msiutumie, jasho linaufanya uji. Vikorokoro jukwaani visizidi vinne, na kila kimoja kitumike kwenye maneno. Kisichoguswa kinachukua macho ya watu bure.

Yupo pia Esther, aliyeigizwa na LaWanda Page, mwenye Biblia mkononi na mkoba wa kupigia. Ni dada wa marehemu mke wa Fred, yaani shemeji yake, na wakikutana ni matusi tu ya kupokezana. Wageni wenu wataelewa papo hapo, kwa kuwa ni utani wa mashemeji. Kama kuna mtani wa ukoo hapo, Mngoni kwa Wahehe kwa mfano, mpeni nafasi hii kabla ya mtu mwingine yeyote. Ana leseni ya kusema asichoweza kusema mtoto.

Tahadhari mbili, nazisema kwa uzito. Mke wa Fred anaitwa Elizabeth, na kwetu kina Elizabeti ni wengi. Ulizeni kwanza kama hakuna marehemu wa jina hilo katika ukoo au kwa majirani. Kama yupo, tungeni jina lingine. Jina la mama yenu lisitajwe kabisa, yupo hai na ameketi hapo hapo. Ya pili: Redd Foxx alifariki Oktoba 1991 baada ya kushikwa na moyo akiwa kazini studio, na waliokuwepo mwanzoni walidhani ni mchezo wake ule ule. Ukumbi wenye wazee wengi, mshereheshaji aseme wazi kabla ya igizo kwamba mzee Fred wa igizo ana tabia ya kujifanya mgonjwa. Waigizaji pia mkubaliane neno moja la hatari ambalo halimo kwenye maandishi. Likitamkwa, igizo linasimama.

Masharubu na makaratasi

Rip Taylor alikuja kuongoza kipindi chake, cha mashindano ya urembo ya kichekesho, mwaka 1978, lakini kabla ya hapo alikuwa mgeni wa vipindi vya wenzake, na ndiko baba yako alikomwona. Wigi, masharubu mazito yaliyopinda, sauti ya kupasuka, na makaratasi yakipaa. Mwenyewe alisimulia kwamba yalianza siku vichekesho vyake vilipogoma, akachana kadi alizoshika na kuzitupa hewani. Maana yake karatasi haikuwa ya kusherehekea kichekesho kizuri. Ilikuwa ya kufunika kibaya.

Mpangilio unatoka hapo. Mwigizaji awe na vichekesho vitano, vibaya kwelikweli, vya sekunde kumi kila kimoja. "Kwa nini viazi vya Njombe havisafiri usiku? Vina macho mengi, vinaogopa giza." Anasubiri. Ahesabu moja, mbili, akiwatazama watu kwa matumaini. Ukumbi uhisi aibu yake. Ndipo arushe. Mrusho wa kwanza uwe wa kidole gumba na vidole viwili, wa pili nusu konzi, wa tatu konzi, wa nne mikono miwili, wa tano ndoo. Akirusha kabla ya kile kimya, ni mtu anayechafua ukumbi.

Karatasi ndiyo sehemu watu wanayoidharau, nayo ndiyo inayoharibika zaidi. Karatasi ya kawaida ya A4 ni nzito. Ya kaki, hata iwe imetoka hapo hapo kwenu kiwanda cha karatasi cha Mgololo, ni nzito zaidi. Inaanguka kama majani ya mhindi. Vile viduara vya mashine ya kutobolea vinazama moja kwa moja na kuganda nguoni. Tumieni karatasi laini nyembamba za kufungia zawadi. Msinunue zile zenye mikunjo za kutengenezea maua: zikilowa zinatoa rangi, na shati jeupe la mzee litabaki na kumbukumbu isiyofulika. Zile za plastiki zinazometameta nazo ziacheni; zinaingia kwenye chakula, na zikifagiliwa nje kuku na mbuzi wanazila.

Karatasi ya sentimita 50 kwa 70 ikikatwa vipande vya 2 kwa 5 inatoa vipande 350. Karatasi 20 zinatoa 7,000, na zote hazifiki hata robo kilo. Umbo hilo refu lina sababu: kipande kirefu huzunguka chenyewe kinaposhuka, kwa hiyo kinakawia, cha mraba hutelemka. Pangeni karatasi kumi kumi, bana kwa vibanio pembeni, tumieni rula ya chuma na kisu cha wembe mpya. Wembe butu unazibana kingo zishikamane, na mkirusha linatoka bonge. Mkishakata, zipeperusheni kwa vidole ndani ya ndoo mpaka kila kipande kijitenge. Ukungu wa Mufindi ni adui wa pili: karatasi hizi hunyonya unyevu usiku mmoja tu, kisha hulala. Zianikeni juani mchana wa siku ile, kisha ndoo ifunikwe hadi wakati wake. Jaribu kipande kimoja: kiachie kutoka mkono ulionyooshwa juu ya kichwa. Kikifika chini kabla hujahesabu moja, mbili polepole, bado ni kizito au kimelowa.

Kurusha nako kuna mkono wake. Karatasi hushikwa kama unavyoshika kifaranga, bila kukaza. Mkono utoke kiunoni kwenda juu, vidole vifunguke unapopita paji la uso, na uelekeo uwe juu, siyo mbele. Ukirusha mbele unampiga mgeni bonge la karatasi usoni. Ukirusha juu zinakuangukia mwenyewe, na wewe unasimama chini yake huna la kusema, umekunja uso. Hiyo ndiyo picha ambayo baba yako ameihifadhi miaka yote hii.

Masharubu tengenezeni kwa nywele za rasta. Shoneni au gandisheni kwenye kipande cha chachi, katika sehemu mbili, kushoto na kulia, kila moja sentimita 6. Yakiwa kipande kimoja mdomo ukitanuka kucheka yanang'oka katikati. Gundi iwe ya kope, inapatikana saluni. Supaglu kamwe, inaunguza ngozi. Siku moja kabla, paka tone mkononi uone kama ngozi inawasha. Siku yenyewe futa juu ya mdomo kwa spiriti, acha ikauke, paka gundi nyembamba kwenye chachi, subiri inate (kwenye baridi inachukua muda zaidi, hata dakika moja na nusu), bandika na kubana sekunde 30. Acheni milimita chache chini ya pua, maana mvuke wa pumzi ndio unaobandua kwanza hapo.

Makaratasi yarushwe keki ikiwa imeshaondolewa na kabla mabakuli ya bafe hayajafunguliwa. Mishumaa izimwe. Na kama kuna jiko la mkaa la kuota limeingizwa ukumbini, litoke nje kabla hamjaanza, kwa ajili ya moto na kwa ajili ya hewa yake pia. Mtu mmoja awe na ufagio tayari mlangoni, dakika kumi zinatosha.

Chini ya kiti cha mzee wekeni fuko dogo la karatasi lenye konzi mbili. Ndoo ikishamwagwa na watu wakidhani yameisha, mwigizaji apige goti mbele ya baba, amkabidhi fuko, kisha asogee. Asimwambie la kufanya. Baba yako anajua.

Mchezo wa kujaza pengo

Huu hukuuliza, lakini nakuongezea kwa sababu ndio utakaowaingiza wageni. Baba yako bila shaka alikuwa akiuona mchana baada ya masomo: Match Game ya kituo cha CBS, iliyorudi hewani 1973. Watu maarufu sita katika safu mbili za watatu, ya nyuma imeinuliwa. Mwongozaji Gene Rayburn na maiki yake nyembamba ndefu kama fimbo. Sentensi yenye pengo. Kila mmoja anaandika jibu kwenye kadi, na mshindani anapata pointi kwa kila jibu lililofanana na lake. Juu kulia aliketi Charles Nelson Reilly, miwani mikubwa, skafu shingoni, akizozana na Brett Somers aliyekaa jirani yake. Watu walimwona kama mzembe wa mizaha, kumbe alikuwa na tuzo ya Tony, ile ya maigizo ya jukwaani ya Marekani, tangu 1962 na alikuwa akiongoza tamthilia na kufundisha uigizaji. Kila kunung'unika kwake kulikuwa kumepimwa.

Mzee awe mshindani. Sita waketi kwenye mabenchi: shangazi, mtani, rafiki wa kazini, jirani, mjukuu wa miaka kumi, na mmoja wenu awe Reilly, fremu za miwani bila vioo (vioo kwenye ubaridi vinapata ukungu). Karatasi ya manila ikatwe vipande vinne, makapeni nene nyeusi, herufi zisipungue sentimita 6, neno moja au mawili. Maiki ya Rayburn ni kijiti cha mlanzi cha sentimita 60 kilichopakwa rangi nyeusi, na ile maiki ndogo ya kubana kwenye kola imefungwa nchani.

Kazi yote iko kwenye maswali. "Mzee anapenda ____" halifai, kila mtu ataandika lake na hakuna kitakachofanana. "Mzee alizaliwa wilaya ya ____" nalo halifai, wote wataandika sawa na hakuna wa kumcheka. Linalofaa ni kama hili: "Mzee akirudi shambani, kabla hajavua mabuti, anauliza: ____ iko wapi?" Lijaribuni kwa kuwapigia simu ndugu wanne, mmoja mmoja. Wote wakijibu sawa, litupeni. Kila mmoja akiwa na lake, lifinyeni. Wakigawanyika wawili kwa wawili, hilo ndilo. Andikeni kumi, mchague matano. Mchezo wa asili ulipenda maneno ya kuchezea mambo ya chumbani. Mbele ya wakwe, pengo lisielekee huko hata kwa bahati mbaya, kwa hiyo kila swali mjiulize jibu baya zaidi ambalo mtani anaweza kuandika. Mtani ataliandika.

Reilly wenu afichue kadi ya mwisho kila mara. Isipofanana na ya mzee, amlaumu jirani yake.

Geraldine dakika 5, Fred 5, pengo 7, Rip 3. Mpangilio uwe huo huo, kwa kuwa baada ya makaratasi hakuna linaloweza kufuata isipokuwa chakula. Wageni wawe wamekunywa chai na vitafunwa kabla, mwenye njaa anacheka kwa adabu tu. Mazoezi manne ya saa moja yanatosha, la mwisho ukumbini penyewe, usiku, mkiwa mmevaa kila kitu. Kabla ya la kwanza, tafuteni rekodi za wachekeshaji hao na kuzitazama mara mbili: mara moja kwa sauti, mara moja mmezima sauti mkihesabu tu muda wa kimya. Na umeme ukikatika, duara litawasaidia: watu wako karibu, endeleeni kwa sauti zenu na mwanga wa simu.

Wiki moja kabla, mpeni mama yenu maandishi yote asome, pamoja na maswali ya pengo. Atakapoweka kalamu juu ya neno, lifuteni bila kumwuliza sababu.